Amiga 1200 Inayogoma Ikiwekewa Kadi ya Kuongeza Kasi

Swali: Kompyuta ya Amiga 1200 huwaka vizuri ikiwa peke yake, lakini ikichomekwa kadi ya Blizzard 1230 skrini hubaki nyeusi au hugeuka njano. Je, kadi imekufa?

Jibu: Si lazima. Amiga 1200, iliyotoka mwaka 1992, ilisanifiwa kwa prosesa ya 68EC020 ya megahezi 14. Kadi yenye 68030 ya megahezi 50 na kumbukumbu yake hula umeme zaidi, hivyo adapta ndiyo mshukiwa wa kwanza. Laini ya volti 5 ipimwe kwa mita kadi ikiwa ndani na mashine ikiwa imewashwa. Ikishuka chini ya 4.75, adapta ibadilishwe kabla ya kugusa kingine chochote. Wengi hutumia ile nzito ya Amiga 500, yenye plagi ileile.

Umeme ukiwa sawa, mashine izimwe na kadi ichomolewe kupitia kifuniko cha chini. Miguso 150 iliyo ukingoni mwa ubao mama hushika uchafu na oksidi; ipanguswe kwa spiriti ya isopropili. Msasa usitumike kamwe, hula madini yenyewe.

Kisha kadi ijaribiwe bila moduli ya kumbukumbu. Skrini ya njano humaanisha prosesa imekwama kabla mfumo haujaamka, na mara nyingi moduli mbovu au iliyokaa upande ndiyo chanzo. Kitufe cha 2 kikishikiliwa wakati wa kuwasha, Blizzard hujizima. Mashine ikiamka hivyo, kasoro itafutwe kwenye kadi. Isipoamka, kapasita zilizovuja kwenye ubao mama zikaguliwe.