Somo la wiki: Dawa inayotuliza moyo

Watoto wapenzi, mkipita Shisanhang asubuhi mnaona watu wanavyohangaika na marobota ya nguo. Mtu akihangaika au akishtuka, mwili hutoa adrenalini, nayo huufanya moyo upige haraka na kwa nguvu.

Kwa mwenye presha, damu husukuma kuta za mishipa kupita kiasi, hata akiwa amepumzika. Kipimo kikifika 140/90 au zaidi, kwa siku tofauti, hiyo ni presha ya juu.

Dawa za betabloka, kama atenololi na bisoprololi, huizuia adrenalini isiuamrishe moyo. Moyo hupiga polepole, na presha hushuka. Ya kwanza kutumika sana, propranololi, ilitoka kwa James Black wa Uskoti miaka ya 1960. Mwaka 1988 alipata Tuzo ya Nobel.

Wazazi, dawa hii haikatizwi ghafla, hata ukijisikia mzima. Moyo uliozoea kutulizwa huweza kwenda mbio, presha ikaruka, hata ukapata shambulio la moyo. Vidonge ulivyotoka navyo nyumbani vikikaribia kwisha, mwone daktari mapema. Nenda na boksi lenye jina la dawa na idadi ya miligramu. Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya kuandikiwa.

Maneno mapya: mshipa, mapigo, pumu, kidonge.

Zoezi: Muulize mzazi anayetumia dawa, "Vidonge vimebaki vya siku ngapi?" Andika jibu kwa sentensi kamili.