Tovuti Inafunguka kwa Wenzako, Kwako Haifunguki

Tovuti ya ofisi imehamishiwa seva mpya tangu asubuhi. Kwenye simu yenye bando inafunguka vizuri, lakini kompyuta ya mezani bado inaleta ukurasa wa zamani. Kabla hujazima ruta na kuiwasha, au kumpigia simu mtoa huduma wa intaneti, ishuku kwanza kompyuta yenyewe.

Kila jina la tovuti lina anwani ya IP nyuma yake, na DNS ndiyo inayoitafuta. Windows haiulizi kila mara. Ikishapata jibu, hulihifadhi kwenye kashe kwa muda uliopangwa na mwenye jina, uitwao TTL, unaohesabiwa kwa sekunde: 300 ni dakika 5, 86400 ni siku nzima. Muda huo usipokwisha, kompyuta itaendelea kwenda kulekule hata kama anwani imeshabadilika.

Wengi hukimbilia kufuta kashe hiyo kwa `ipconfig /flushdns`. Amri ni nzuri, ila inafuta ushahidi. Anza na `ipconfig /displaydns`: itakuonyesha anwani iliyohifadhiwa na sekunde zilizobaki. Kisha linganisha. `ping` hupitia kashe ya Windows, lakini `nslookup` huiruka na kuiuliza seva ya DNS moja kwa moja. Ya kwanza ikitoa anwani ya zamani na ya pili mpya, tatizo limo ndani ya kompyuta: futa kashe. Likibaki vilevile, fungua faili la `hosts` lililoko `C:\Windows\System32\drivers\etc`. Huenda kuna fundi aliyeandika anwani humo akasahau kuifuta.

Zote mbili zikitoa anwani ya zamani, usihangaike kufuta. Ruta na seva ya mtoa huduma nazo zina kashe zake, na huhifadhi hata jibu kwamba jina halipo.

Kwenye Mac amri ya kufuta kashe ni `sudo dscacheutil -flushcache; sudo killall -HUP mDNSResponder`. Kwenye Linux yenye systemd-resolved ni `resolvectl flush-caches`. Kivinjari nacho huweka kashe yake, kwa hiyo kifunge kabisa, si kichupo tu.

Kama ni wewe unayehamisha tovuti, shusha TTL hadi 300 mapema, kisha ungoje ile ya zamani iishe ndipo uhame. Ukiishusha siku yenyewe, waliokwishahifadhi jibu la siku nzima wataendelea kubisha hodi kwenye seva ya zamani, kwa hiyo usiizime hadi kesho yake.