Namna ya kuzaa ekipe mpya: somo kutoka hoki ya barafu

Imeandikwa na kapita wa wanafunzi, finalisti



Hapa Nzilo tuko na maji mengi. Ziwa liko mbele yetu, na baraji inapeleka umeme mbali. Lakini ziwa hili halijaganda hata siku moja. Barafu tunayoijua ni ile ya frigo, tunayonunua mu kamfuko wakati wa joto. Wengine watauliza: kapita anatuletea hoki ya barafu juu ya nini? Jibu langu ni fupi: juu ya Luilu.

Wote munajua habari yake. Masomo yetu yalikuwa na ekipe tatu za mupira wa miguu: Lualaba, Lufupa na Musonoi. Mwaka uliopita wanafunzi waliongezeka, tukazaa ekipe ya nne, Luilu. Siku makapiteni tulipokutana, mimi wa Lualaba nilikuwa wa kwanza kusema: «Ekipe ya bapya, ichezee na bapya.» Wenzangu wakakubali upesi. Luilu ilicheza michezo 6, ikashindwa yote 6. Mu mchezo wa mwisho walifika watu 9 tu. Jioni ile kijana mumoja wa Luilu alikuja kwenye mulango wangu akaniuliza: «Yaya, tulikosa nini?» Sikuwa na jibu.

Tangu siku ile nilitafuta kujua namna wengine wanavyofanya. Nimeona kwamba watu wa hoki ya barafu walifikiri juu ya jambo hili kupita sisi. Tusome pamoja.

1. Hoki ya barafu ni mchezo gani

Wachezaji wanavaa viatu vyenye chuma chembamba chini, wanateleza juu ya barafu. Kila mumoja anashika fimbo, na kwa fimbo ile wanasukuma kisahani kigumu cha mpira mweusi mpaka mu goli. Kila upande watu 6 wako uwanjani, pamoja na mlinzi wa goli. Mchezo ni dakika 60, katika sehemu tatu za dakika 20. Ligi kubwa kupita zote inaitwa NHL. Iko na ekipe 32 za Marekani na Kanada.

2. Kwa nini ekipe mpya haianzi chini

Mu mupira wetu wa miguu, ekipe mpya inaanzia chini. Ekipe ya Kolwezi ikitaka kukutana na TP Mazembe ao Lupopo mu divisheni ya kwanza ya taifa, inapanda kwa kushinda. Inapofika juu, imekwisha kukomaa.

Ligi ya NHL haina ngazi hiyo. Hakuna kupanda, hakuna kushuka. Ni nyumba iliyofungwa: ekipe mpya inaingia kwa kulipa, na siku ile ile inapaswa kucheza na wakubwa. Kama inaingia na watu wasiozoea, itapigwa kila siku, watazamaji watakimbia, na hata ekipe za zamani zitapoteza. Ndiyo sababu walitengeneza sheria: kila ekipe ya zamani inaandika orodha ya wachezaji inaowalinda, na ekipe mpya inachagua kati ya wale waliobaki nje ya orodha.

Mutaona kwamba sheria hii iko na pande mbili. Ekipe ya zamani haiwezi kushika wote. Lakini ekipe mpya vilevile haiwezi kuchukua yeyote inayemtaka.

3. Sheria ilivyofanya kazi mwaka 2017

Mwaka 2017 ekipe ya Vegas Golden Knights iliingia, ikiwa ya 31. Ililipa dola milioni 500, na ekipe 30 za zamani zikagawana pesa hizo. Kwa hiyo hazikutoa watu bure. Sheria zilikuwa hizi:

(a) Kila ekipe ya zamani ilichagua njia moja kati ya mbili: kulinda washambuliaji 7, walinzi 3 na mlinzi wa goli 1, ao kulinda wachezaji 8 wa nafasi yoyote na mlinzi wa goli 1.

(b) Vijana waliokuwa bado mu mwaka wa kwanza ao wa pili wa kazi hawakuguswa. Ekipe iliyowalea isinyang'anywe matunda mabichi.

(c) Mchezaji ambaye kontra yake inakataza kuhamishwa alipaswa kulindwa, isipokuwa yeye mwenyewe akubali kuiacha haki ile.

(d) Vegas ilichukua mtu mumoja kwa kila ekipe, si wawili. Jumla watu 30, na kati yao washambuliaji wasiopungua 14, walinzi wasiopungua 9, na walinzi wa goli wasiopungua 3.

(e) Ekipe za zamani hazikuweza kuacha nje paka wagonjwa na wazee. Kila moja ilipaswa kuacha wachache wenye kontra na waliokuwa wamecheza kweli miaka ile.

Mimi naona sharti (e) ndilo roho ya sheria yote. Bila hilo, orodha ingekuwa mchezo wa kudanganyana.

4. Matunda ya sheria nzuri na ya sheria mbaya

Mwaka 1967 ligi ilikuwa na ekipe 6 tu, ikaongeza nyingine 6 kwa mara moja. Kila ekipe ya zamani ililinda mlinzi wa goli 1 na wachezaji wengine 11. Ekipe mpya zote ziliwekwa mu kundi moja, ili zipimane kati yao, na mumoja wao afike kwenye fainali. St. Louis ilifika fainali miaka mitatu ya kwanza, 1968, 1969 na 1970. Ni kweli, ilishindwa zote tatu. Lakini mwaka 1974 Philadelphia, iliyozaliwa siku moja na St. Louis, ilishinda kombe.

Mwaka 1974 ekipe ya Washington iliingia wakati mubaya. Ligi nyingine, iliyoanza 1972, ilikuwa imekwisha kuvuta wachezaji wengi, na waliobakia kwa kuchaguliwa walikuwa wachache na dhaifu. Mu michezo 80 Washington ilishinda 8, ikatoka sare 5, ikashindwa 67. Nje ya kwao ilishinda mara moja tu. Ilingojea mpaka 2018 kupata kombe lake la kwanza.

Sasa tutazame Vegas. Mu mwaka wake wa kwanza ilishinda michezo 51 kati ya 82, ikafika fainali. Mlinzi wake wa goli, Marc-André Fleury, alitoka Pittsburgh. Alikuwa amepata kombe mara tatu huko, na kontra yake ilimpa haki ya kukataa. Lakini Pittsburgh iliweza kulinda mlinzi wa goli mumoja tu, na kijana Matt Murray alikuwepo. Fleury akakubali kuiacha haki yake, akaenda.

Jonathan Marchessault alikuwa amefunga goli 30 kwa Florida, lakini Florida haikumulinda. Mwaka 2023 Vegas ilipata kombe. Waliyemushinda kwenye fainali alikuwa Florida, na Marchessault ndiye aliyepewa zawadi ya mchezaji bora wa michezo ya kombe.

Tusiseme lakini kwamba sheria inaleta ushindi yenyewe. Mwaka 2021 Seattle Kraken iliingia kwa sheria zile zile, ikalipa dola milioni 650, na mu mwaka wa kwanza ilishinda michezo 27 tu. Mwaka wa pili ilijitengeneza, ikamutoa Colorado, aliyekuwa na kombe. Sheria inampa mtu mulango. Kuingia ni kazi yake.

5. Mfano wenye kugusa Katanga

Basketi ya Marekani inatumia sheria ya namna hii pia. Mwaka 2004 ekipe ya Charlotte Bobcats ilizaliwa. Ekipe za zamani zililinda mpaka watu 8 kila moja. Charlotte ikamuchukua Gerald Wallace, aliyekuwa akikaa sana kwenye kiti cha Sacramento. Mwaka 2010 Wallace alichaguliwa mu mchezo wa nyota wote. Mwaka 2011 Charlotte ile ile ilimupokea Bismack Biyombo, mwana wa Lubumbashi, aliyekuwa na miaka 18. Kama miaka 7 mbele wakubwa hawangekubali kutoa watu, labda nyumba ile haingesimama kumungojea.

6. Turudi kwa Luilu

Lualaba, Lufupa na Musonoi ziko na wachezaji 18 kila moja, jumla 54. Ninaleta shauri hili mbele ya Bwana Prefe na mwalimu wa sport:

– Kila ekipe ya zamani ilinde watu 8: mlinzi wa goli 1 na wengine 7.
– Wanafunzi walioingia mwaka huu wasiguswe mu orodha hii. Watagawanywa kisha, na Luilu ianze kuchagua.
– Luilu ichukue watu 4 kwa kila ekipe. Itapata 12 wenye kuzoea, na ekipe za zamani zitabaki na 14 kila moja. Hakuna atakayekufa.
– Kati ya wale wasiolindwa, wasiopungua 5 wawe wamecheza nusu ya michezo ya mwaka uliopita.
– Orodha isisomwe mu mustari wa asubuhi mbele ya masomo yote. Kapiteni amwambie kila mutu yeye mwenyewe, uso kwa uso.

Najua wenzangu wa Lualaba watanung'unika. Mumoja amekwisha kuniambia: «Wewe unatuuzisha.» Hapana, ndugu yangu. Mwaka uliopita tulikuwa na kombe, lakini pointi sita kati ya zile tulizipata kwa watoto waliokosa hata watu 11. Ushindi ule mimi siuoni utamu tena.

Na kwa wale watakaobaki nje ya orodha: kutolindwa si kutukanwa. Kapiteni anahesabu nafasi 8, hahesabu thamani ya mutu. Mukumbuke Fleury na Marchessault. Mimi vilevile, kama mwalimu ataruhusu, jina langu halitaandikwa kati ya wale 8 wa Lualaba. Luilu ikinitaka, nitaenda. Isiponitaka, nitabaki bila kisirani. Na yule kijana aliyekuja kwenye mulango wangu, hili ndilo jibu langu: hamukukosa kitu. Sisi ndio tuliokosa.

Maswali ya kuzungumza mu darasa

1. Kwa nini mupira wa miguu kwetu hauhitaji sheria ya kulinda wachezaji, na NHL inaihitaji?
2. Ungekuwa kapiteni, ungemulinda rafiki yako ao mchezaji anayemupita? Toa sababu.
3. Ekipe za NHL zililipwa pesa juu ya watu waliopotea. Ekipe zetu zitapata nini?
4. Ni nani achague kwa Luilu: mwalimu, ao wachezaji wa Luilu wenyewe?

Majibu ya swali la 4 muniletee kwa maandiko mbele ya siku ya tano. Makapiteni tutakutana siku ya posho.