Nyota Yenye Mkia na Darubini Iliyoko Angani

Katikati ya Oktoba 2024 nyota yenye mkia ilionekana upande wa magharibi, mara baada ya jua kutua. Wataalamu waliiita Tsuchinshan-ATLAS. Sisi wa Kariakoo hatuna anga la kujivunia, maana taa za maduka ya Msimbazi hazibakizi giza. Aliyetaka kuiona ilimpasa atafute mahali ambapo magharibi haikuzibwa na maghorofa.

Mwezi uliofuata, tarehe 16 Novemba, jengo la ghorofa liliporomoka papa hapa Kariakoo, likaua watu wengi. Mtu akiyaweka mambo hayo mawili pamoja ni rahisi aseme: nyota ilikuja kutuonya. Hilo ndilo lililotusukuma kuandika somo hili.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Kimondo ni kijiwe kinachoungua kiingiapo katika hewa yetu, nacho huzimika kabla hujamwita jirani. Nyota yenye mkia hukaa majuma. Wala si nyota. Ni donge la barafu na vumbi lizungukalo jua. Likisogea karibu na jua, barafu hugeuka mvuke, na mvuke huchukua vumbi pamoja nao. Mkia hausemi donge linaelekea wapi. Ni kama bendera ya jahazi, hufuata upepo; na upepo wenyewe hapa hutoka kwenye jua. Kwa hiyo donge linapoondoka kwenye jua, mkia hutangulia mbele.

Kati ya tarehe 7 na 11 Oktoba, donge hilo lilipita upande ule ule wa jua tulivyolitazama kutoka duniani, likapotea katika mwanga. Darubini ya SOHO ililiona vizuri. Ilirushwa Desemba 1995, nayo iko kilometa milioni moja na nusu hivi kutoka hapa, upande wa jua. Ujanja wake ni mdogo: ndani yake mna kisahani kinacholiziba jua. Jaribuni nyumbani. Tazama taa ya umeme, kisha izibe kwa kidole gumba. Utaona nzi waliokuwa wakiizunguka. Mchana hapa chini kidole hakitoshi, maana hewa yenyewe inang'aa, ndiyo sababu darubini ikapelekwa nje ya hewa. Kufikia Machi 2024 picha za SOHO zilikuwa zimefichua nyota zenye mikia 5,000, na nyingi ziligunduliwa na watu wa kujitolea, wakiwa nyumbani kwao.

Mambo haya hayako mbali nasi kama tudhanivyo. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa darubini ya kutazama mionzi ya eksirei, ambayo haipenyi hewa yetu. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, basi ikaitwa Uhuru. Haikutengenezwa kwa ajili ya nyota zenye mikia. Lakini mwaka 1996 darubini nyingine ya aina hiyo, ROSAT ya Ujerumani, ilielekezwa kwenye Hyakutake, na mionzi hiyo ikaonekana. Wataalamu walishangaa: eksirei kutoka kwenye barafu! Baadaye ikafahamika kwamba chembe za upepo wa jua hunyang'anya elektroni za mvuke, ndipo mionzi hutoka.

Turudi kwenye ile ya Oktoba. Iligunduliwa mapema 2023, njia yake ikapigiwa hesabu, na tangu mwaka huo ilijulikana kwamba ingeonekana Oktoba 2024. Haikutukaribia zaidi ya kilometa milioni 70. Iliangaza vile vile juu ya Lisbon na Tokyo. Jengo husimama au huanguka kwa msingi wake, nguzo zake, na yale ambayo watu wameyafanya chini yake. Maswali yapelekwe huko. Nyota haina wa kuhojiwa, na anayeisingizia humpunguzia mzigo aliyepaswa kujibu. Hata nabii Yeremia (10:2) aliwakataza watu wasitishwe na ishara za mbinguni.

Wazee wenzetu wanaikumbuka Halley ya mwaka 1986. Itarudi 2061, na mtoto aliyezaliwa 2024 atakuwa na miaka 37.