Ufahamu: Dawa na Maneno ya Nyumbani

Soma kifungu kifuatacho, kisha jibu maswali yote.

Mtoto aliyelazwa kwa skizofrenia akiruhusiwa kurudi nyumbani, huwa hajamaliza safari ya kupona. Dawa humtuliza, lakini hali anayoikuta nyumbani nayo ina uzito wake. Mwaka 1972 George Brown na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika London kuhusu watu wazima wenye ugonjwa huo. Katika familia zilizowalaumu sana, kuwachukia au kuwahangaikia kupita kiasi, asilimia 58 ya wagonjwa waliugua tena ndani ya miezi tisa. Katika familia tulivu walikuwa asilimia 16 tu.

Hii haina maana kwamba wazazi ndio walioleta ugonjwa. Maana yake ni kwamba wanaweza kusaidia usirudi. Mzazi anayemwita mwanawe mvivu husahau kwamba kukosa ari ni dalili ya ugonjwa. Anayemfungia ndani kwa kumhofia naye humchelewesha kupona. Shuleni, kuitwa "chizi" kwaweza kumfanya aache masomo, hata dawa. Rafiki anayemwazima daftari na kuketi naye humsaidia kurudi.

Maswali
1. Taja tabia tatu za familia zilizohusishwa na kuugua tena. (Alama 3)
2. Kwa nini si haki kumwita mgonjwa mvivu? (Alama 2)
3. Mwenzako amerudi darasani baada ya kulazwa, wengine wanamcheka. Utafanya nini? Toa sababu. (Alama 5)