Mtiririko wa Damu na Umbile la Mishipa Midogo: Funzo la Istilahi kutoka Eldoret

Makala haya yanadhamiria kubainisha jinsi mtiririko wa damu unavyoiumba mishipa midogo, na kuhoji iwapo Kiswahili kina istilahi za kutosha kulieleza jambo hilo. Mfano unatolewa Eldoret, mji ulio yapata mita 2,100 juu ya usawa wa bahari na unaosifika kwa wanariadha wake.

Na achukuliwe mkimbiaji wa mtaa wa West Indies afanyaye mazoezi ya mbio ndefu kila alfajiri. Misuli yake ikihitaji oksijeni zaidi, damu huenda kasi, nayo husugua seli zilizotanda ndani ya ukuta wa mshipa. Seli hizo huuhisi msuguano, hutoa nitriki oksaidi, na mshipa hutanuka. Mazoezi yakikoma, mshipa hurejea hali yake. Yakidumu kwa majuma mengi, ukuta hujengwa upya na kipenyo hukua. Misulini, kapilari mpya huchipuka au za awali hugawanyika. Kinyume chake, mtiririko ukififia, mshipa hunywea, hata kutoweka. Richard Thoma, aliyechunguza viinitete vya kuku, aliieleza kanuni hii mwaka 1893. Manufaa yake ni makubwa: nusu kipenyo ikiongezeka maradufu, mtiririko waweza kuongezeka mara 16, shinikizo lisipobadilika.

Tatizo la kwanza la kiistilahi ni neno "mshipa". Katika matumizi ya kawaida hubeba ateri, vena na neva. Tena ni jina la maradhi ya ngiri. Mgonjwa aambiwaye kwamba mshipa wake umeziba hana budi kukisia ni upi, ilhali afya yake yategemea jibu. Yafaa "mshipa wa damu" libaki jina la jumla, na "ateri", "vena" na "kapilari" yatumike panapohitajika ubainifu.

Pili, "kutanuka" litengwe kwa badiliko la muda, na badiliko la kudumu liitwe "kujiumba upya". Kauli ya kutendwa, "kuumbwa upya", ingeupa mtiririko kazi yote, ilhali seli ndizo zinazojenga; kirejeshi -ji- kinazirudishia nafasi yake.

Hivyo basi, methali "maji hufuata mkondo" yaeleza nusu ya ukweli. Mwilini, mkondo nao huyafuata maji. Kiswahili kinaweza kuzieleza nusu zote mbili, mradi wataalamu wa lugha na wa tiba waketi pamoja.