Sauti ya Juu Haitokani na Nguvu

Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, huko Usukumani, manju huimba ili asikike kupita vishindo vya ngoma. Je, sauti yake hupandaje?

Kooni, ndani ya zoloto, zimo nyuzi mbili za sauti. Misuli ikizivuta zikawa ndefu na nyembamba, hutetema upesi zaidi. Zikitetema mara 440 kwa sekunde badala ya 220, sauti hupanda oktava moja.

Kwa hiyo mwimbaji asikaze shingo wala asipige kelele, kwani nyuzi hugongana zikavimba. Avute pumzi kwa kina, tumbo likitanuka, aitoe polepole. Anywe maji, aepuke vumbi la machimboni. Sauti ikikauka kwa zaidi ya majuma matatu, aende hospitali.